Ndoo ya Mwisho

Alama za viatu ndizo alizoziona kwanza. Hyerim alikuwa bado yuko mlangoni, pale pa kuvulia viatu, mguu mmoja kiatuni na mwingine nje, akaona nyayo za matope zimepanda juu ya sakafu ya mbao, zikapita sebuleni, zikaingia chumba cha kulala, zikatoka tena. Mtu ameingia nyumbani kwake na viatu. Kabla neno mwizi halijamjia kichwani, lilimjia hilo, na lilimkera kuliko yote yaliyofuata. Kuiba, sawa, kuna watu kazi yao ni hiyo. Lakini kukanyaga na viatu sakafu anayolalia mtoto, jamani, hata mwizi alizaliwa na mama.

Ilikuwa saa tisa na nusu ya mchana, mwezi wa Desemba, baridi ya mji wa Chongju inakata masikio. Hyerim alikuwa ametoka kazini. Ni mpishi wa shule ya msingi, yeye na wenzake wanne, na aliyekoroga supu ya watoto mia sita tangu alfajiri hana mikono tena, ana vitu viwili vinavyoning'inia mabegani. Siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: kujinyoosha sakafuni penye moto, juu ya mabomba ya maji ya joto yanayopita chini ya mbao, dakika ishirini kabla ya kwenda kumchukua binti yake, Dansol, chekechea. Hakujinyoosha. Alifuata zile nyayo kama mtu anayefuata damu, na jikoni akakuta pipa la mchele limepinduliwa, mchele umetapakaa hadi chini ya friji.

Kwenye mchele ndimo alimoficha pete za Dansol.

Msimcheke. Ni mwanamke gani pale mjini hajaficha kitu kwenye mchele? Dansol alipotimiza mwaka, wageni walileta pete za dhahabu, kama ilivyo desturi, pete ndogo za kidole cha mtoto ambazo hakuna mtoto anayezivaa zaidi ya siku moja. Zilikuwa saba. Sita zilikuwa nzuri. Ya saba, nyembamba kuliko zote, ililetwa na mama mzazi wa Hyerim, ambaye aliomba ruhusa hospitali, akaja kwenye kiti cha magurudumu, akaivalisha kwa mkono wake mwenyewe. Ndani alikuwa amemwambia sonara aandike kwa herufi ndogo: Kua salama. Siku arobaini baadaye wakamzika. Hyerim hakuwa na kitu kingine chenye maneno ya mama yake.

Alipiga magoti akaupekua ule mchele kwa viganja, punje kwa punje. Hakupata kitu.

Afisa wa polisi aliyekuja alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Alipuliza pua, akaandika: saa ya mkono ya mume, kompyuta, bahasha ya pesa za sikukuu, pete saba. Kisha akaenda kusimama nje, mbele ya kitasa cha namba, akakimulika kwa tochi.

"Shangazi," aliita, kama wanavyoitwa kina mama wote pale, "hebu njoo uone."

Hyerim akaenda kuona. Kati ya vitufe kumi, vinne vilikuwa vimelika na kung'aa kama kisigino cha soksi ya zamani: moja, mbili, nne, saba. Sita vilivyobaki vilikuwa vipya kabisa, kama siku vilipotoka dukani.

"Namba hii hamjaibadilisha tangu lini?"

"Tangu tuhamie. Miaka saba."

"Miaka saba." Akapuliza pua. "Basi mmemwandikia mwizi barua. Namba nne hupangika namna ishirini na nne tu, na kitasa chenu hiki cha kizamani ukikosea hakipigi hata chafya. Nani mwingine anaijua namba?"

"Mimi, mume wangu, na mama mkwe."

Afisa akaandika.

Namba yenyewe ilikuwa na kisa chake. Mume wake, Kyuchol, fundi wa maboila, ndiye aliyeichagua: nne, mbili, moja, saba. Ni namba za mwisho za simu ya nyumbani kwao Boun, simu ya mezani iliyokaa pale tangu yeye yuko darasa la pili. "Ili mama asiisahau," alisema. Maana mama yake alikuwa akija kila Alhamisi kwa basi, na vifuko vyake, mchana wenyewe wakiwa kazini, akaingia, akapanga mboga kwenye friji, akakunja nguo, akaenda zake kabla hawajarudi. Nyumba ya nani haina mama mkwe anayejua namba ya mlango? Wake wa watu hunung'unika, Hyerim naye alinung'unika vya kutosha. Unarudi nyumbani unakuta sufuria zako zimehamishwa na chupi zako zimekunjwa mraba. Lakini unakuta na supu.

Mama mkwe alifika kesho yake, ingawa haikuwa Alhamisi. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na minne, mgongo umeanza kupinda kwa kulima pilipili. Hakuuliza kilichoibwa. Alikunja mikono ya sweta, akaomba kitambaa, akapiga magoti, akaanza kusugua zile nyayo.

"Kapanda na viatu, mshenzi huyu," alisema. "Mama yake yuko wapi?"

"Mama, acha, nitafanya mimi."

"Wewe mikono yako hiyo? Kaa chini."

Hyerim akakaa, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akasema bila kuzungusha. "Mama, ameondoka na pete za Dansol."

"Pete gani?"

"Zile za mwaka wa kwanza. Zilikuwa kwenye mchele."

Mama mkwe aliacha kusugua. Aligeuka akalitazama pipa la mchele, akalitazama kwa muda mrefu, kitambaa kinamchuruzika mkononi. "Kwenye mchele," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Aa. Pole, mwanangu." Akarudia kusugua.

Januari, Kyuchol aliingiwa na wazimu wa usalama. Mwanamume aliyekaa miaka saba bila kubadilisha namba nne sasa alikuwa anasoma vitabu vya maelekezo hadi chooni. Alifunga kitasa kipya chenye namba nane, ukikosea mara tano kinapiga king'ora cha kuamsha maiti. Akafunga kamera juu ya mlango na nyingine kwenye roshani. Akaweka vyuma kwenye roshani, ghorofa ya tatu. Akabandika vidude kwenye madirisha vinavyopiga kelele dirisha likifunguliwa, na siku Hyerim alipokaanga samaki akafungua dirisha kutoa moshi, jengo zima lilidhani ni vita.

"Baba Dansol, hapa tunaishi au tumefungwa?"

"Utanishukuru."

"Nitakushukuru nikiweza kukaanga samaki."

Dansol alifundishwa namba mpya kwa wimbo. Mama mkwe aliambiwa kwa simu, mara tano, kisha Hyerim akamwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akamtia kwenye mkoba. Alhamisi ya kwanza, saa tano asubuhi, mlinzi wa jengo alimpigia Hyerim simu kazini, nyuma yake king'ora kinalia.

"Mama Dansol, mwizi tumemkamata," alisema, na alikuwa anacheka. "Kabeba figili tatu na tofu. Tumpeleke polisi au tumwachie?"

Majirani walikuwa wametoka kwenye ngazi, ngazi nzima. Baadaye mmoja alimsimulia Hyerim jinsi bibi alivyosimama katikati yao na vifuko mikononi, akiinamisha kichwa huku na huku, akiomba radhi. Jioni Hyerim akampigia.

"Mama, namba si nilikuandikia?"

"Najua, najua. Nilikosea kubonyeza. Miwani hii."

Tangu hapo hakuingia tena. Kila Alhamisi Hyerim alikuta vifuko vimetundikwa kwenye kitasa au vimewekwa chini mlangoni, vimefungwa vizuri, na ndani hakuna aliyeingia. Nguo hazikukunjwa. Sufuria zilikaa pale alipoziacha. Alidhani mama mkwe amenuna. Mara ya kwanza alisikitika. Mara ya tatu, nisiwafiche, alikasirika. Kuacha mboga mlangoni kama mtu anayemlisha paka wa jirani, hiyo ni namna ya kusema kitu, na yeye alikuwa amechoka mno kuuliza ni kitu gani.

Kamera nayo ilikuwa imemchosha. Kila kitu kilichopita mlangoni, simu ililia: mleta mizigo, mtoto wa jirani, mtu wa gesi. Hyerim yuko mbele ya sufuria kubwa kuliko beseni la kuogea, glavu hadi viwikoni, na simu inalia mfukoni mara ishirini kabla ya chakula cha mchana. Siku ya nne aliizima ile kelele. Kamera ikabaki inaangalia peke yake.

Mwisho wa Februari yule afisa mwenye mafua alipiga simu. Mafua bado anayo. Mwizi amekamatwa mtaa wa pili, amekiri nyumba kumi na moja, na ya Hyerim imo. Saa imeshauzwa. Kompyuta pia.

"Na pete?"

Afisa alipuliza pua. "Hapo ndipo penye ajabu, shangazi. Pete anakataa. Anasema mchele aliumwaga wote, kwa sababu anajua kina mama huficha kwenye mchele, na hakukuta kitu. Kakiri mengine yote, hata yale ambayo hatukumuuliza. Hizo pete saba tu ndizo anazozikataa. Sasa, aliyekuwa anaingia hapo ndani mwingine ni nani vile?"

"Mwizi ataanza lini kusema kweli?" alisema Kyuchol jioni, akala wali wake, likamtoka kichwani.

Hyerim halikumtoka. Siku ya kupeleka chupa na karatasi kwenye mapipa ya pamoja, alikuwa anabana makopo na jirani yake wa mlango wa mkabala, Bi Pong, mwanamke asiyepitwa na jambo, na kwa uchovu tu akamwambia.

Bi Pong akaacha makopo. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada."

"Unamaanisha nini?"

"Mimi? Simaanishi kitu. Nauliza tu. Yule wifi yako wa Boun, mwenye duka la kahawa, duka linaendeleaje?"

Duka la wifi lilikuwa linakufa, na Bi Pong alijua linakufa, maana Hyerim mwenyewe ndiye aliyemwambia. Hyerim akasema basi, ishia hapo, akapanda ngazi bila kungoja lifti. Lakini neno likishaingia sikioni hulitoi kwa kidole. Alimkumbuka mama mkwe amepiga magoti na kitambaa mkononi, akilitazama pipa la mchele kwa muda mrefu. Kwenye mchele, alisema. Kwa nini alitazama vile? Na kwa nini tangu siku hiyo haingii tena ndani? Mama hawezi kumwona binti yake anafilisika akakaa tu. Hyerim aliwaza hivyo akajionea aibu, na kesho yake akawaza tena.

Hakumwambia mume wake. Mwanamume unamwambiaje kwamba unamshuku mama yake aliyemzaa? Sita zile angezisamehe. Ile nyembamba, hapana. Kama ni yeye kaichukua, hata kwa shida gani, Hyerim alijua hangeweza kukaa naye meza moja tena, na nyumba yao ingekatika vipande viwili.

Alhamisi moja ya Machi mama mkwe alipiga simu mchana, jiko limewaka, vijiko vinagongana, mtu anapiga kelele chumvi iko wapi.

"Mwanangu, namba ya mlango ni ngapi vile?"

Namba nane. Zingemchukua Hyerim pumzi moja kuzisema.

"Mama, niko kazini. Muulize Kyuchol," alisema, akakata.

Jioni alikuta vifuko mlangoni. Ndani mlikuwa na mayai ya kuchemsha, na moja lilikuwa limemenywa nusu, kama mtu aliyeanza kula akabadili nia. Alishangaa kidogo, akalitupa.

Aprili ikafika. Kimchi, kabichi la pilipili la kuchachishwa, waliyoitengeneza mwisho wa Novemba ilikuwa imeliwa, ndoo moja baada ya nyingine. Mwaka huo mama mkwe alikuwa ameitia kwenye ndoo pale pale nyumbani kwa Hyerim, siku nzima peke yake, wenyewe wako kazini, akazipanga kwenye friji la kimchi na kubandika juu ya kila moja utepe wa karatasi wenye mwandiko wake uliolala: ya kwanza, ya pili, ya figili, ya supu. Ilibaki moja tu, chini kabisa. Utepe ulisema: Ya mwisho. Msiifungue kabla ya Aprili.

Jumapili mchana Kyuchol alitamani mchuzi wa kimchi iliyokomaa, na Hyerim akaivuta ile ndoo. Kabichi lilikuwa limechacha vizuri, harufu ya kitunguu saumu imempanda hadi machoni. Alitoa kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipotia mkono chini kabisa ya ndoo, vidole viligusa kitu kigumu.

Ulikuwa mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa kwa kamba nyekundu, fundo lile la kufungia pilipili. Hyerim hakuhitaji kulifungua kujua fundo la nani. Alilifungua kwa meno. Pete saba, kavu kabisa. Aliichukua ile nyembamba, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma. Kua salama.

Akakaa sakafuni, mikono myekundu hadi viwikoni, akalia.

Kyuchol alikuja mbio akidhani amejikata. Alipoona pete akaanza kucheka. "Mama huyu," alisema. "Mama huyu! Nani angetia mkono kwenye kimchi? Si aseme basi, mwizi wa watu tumemwita mwongo bure..." Kisha kicheko kikamwishia mdomoni. Hyerim aliona kinavyokwisha.

"Alifanya hivi Novemba," Hyerim alisema. "Wizi ulikuwa Desemba. Alikuwa amepiga magoti hapo hapo nilipokaa, nikamwambia pete zimeibwa, akaniuliza, pete gani."

"Kasahau. Mtu mzima, mambo mengi."

"Wiki mbili, baba Dansol."

Kyuchol alichukua kitambaa akaanza kufuta sakafu mahali ambapo hapakuwa pachafu.

Hyerim alinawa mikono, akachukua simu. Hakumpigia mama mkwe kwanza. Alifungua picha za kamera ya mlangoni, zile zilizokuwa zinajirekodi miezi mitatu bila mtu kuzitazama. Akatafuta Alhamisi.

Mama mkwe anatoka kwenye lifti na vifuko viwili. Anaviweka chini, anavaa miwani, anatoa karatasi mkobani. Anaisoma. Anaitazama sana ile karatasi, kama risiti ya mtu mwingine. Anaikunja, anairudisha. Ananyoosha kidole anabonyeza, bila kusita, kwa wepesi wa mtu anayejua: nne, mbili, moja, saba. Kitasa kinakataa. Anarudia. Kinakataa. Mara ya tatu. Mara ya nne. Anaangalia vidole vyake, anahesabu, anaacha. Amejifunza kwamba ya tano ndiyo inayopiga kelele.

Kisha anakaa kwenye ngazi, vifuko magotini, anangoja.

Hyerim alisogeza picha mbele. Nusu saa. Saa nzima. Saa moja na nusu. Jirani anapita, na mama mkwe anainuka haraka, anajifanya anafunga kifuko. Jirani akishapita, anakaa tena. Saa saba, basi lake la kurudi likikaribia, anatundika vifuko, anaupapasa mlango, anakwenda.

Alhamisi iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata. Alhamisi kumi na mbili, Januari hadi Aprili, na ile ngazi haina moto. Siku moja ya Machi anaonekana ameketi na simu sikioni, simu inakatika, anaitazama. Halafu anatoa yai kwenye kifuko, analimenya nusu, anaonekana kufikiri ni la nani, analirudisha. Anainuka, anausogelea mlango, na sauti yake imerekodiwa vizuri, maana Kyuchol alinunua kamera ya bei mbaya.

"Fungua basi," anakiambia kitasa, kwa heshima, kama anavyoambiwa karani wa ofisi. "Ni mimi. Mama Kyuchol."

Kyuchol alikuwa amesimama nyuma ya bega la mke wake. Alitoka akaenda kusimama kwenye roshani, kwenye vyuma vyake.

Hyerim alipiga simu Boun.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Wewe sauti yako imekuwaje? Una mafua?"

"Hapana, mama. Nilitaka kukwambia, pete za Dansol zimepatikana."

"Pete gani?"

"Za mwaka wake wa kwanza."

"Aa, vizuri. Vizuri sana. Ile ya marehemu mama yako ipo?"

"Ipo, mama."

"Basi angalia, usiziweke kwenye mchele. Mwizi ndipo anapoanza."

"Sawa, mama."

Jioni ile Hyerim alikaa mlangoni na kile kitabu cha maelekezo, akabonyeza, akakosea, akarudia. Kyuchol alimkuta pale.

"Unafanya nini?"

"Narudisha namba."

"Ipi? Ile ya zamani? Mama Dansol, mwizi anaijua ile namba. Ameiandikisha polisi."

"Mwizi alikuja mara moja," Hyerim alisema. "Mama anakuja kila Alhamisi."

Kyuchol alichukua kitabu, akamwonyesha alipokosea. Walikubaliana kila Jumapili Kyuchol atavisugua vitufe vyote kumi kwa msasa laini, visipishane kung'aa. Walikubaliana pia kumpeleka mama hospitali kubwa wiki ijayo, na wifi aje naye, na hilo walilisema kwa sauti ya chini ingawa mtoto alikuwa amelala. Pete Hyerim angezipeleka benki Ijumaa, siku yake ya kutoka mapema. Kwa wakati huo aliziosha, akazikausha, na kwa kuwa hakuwa na akili ya kufikiria mahali pengine, akazirudisha kwenye mchele.

Alhamisi aliiwasha tena kelele ya kamera. Saa tano na dakika kumi simu ilitetemeka. Alivua glavu, akamwachia mwenzake mwiko, akaingia stoo kati ya magunia ya viazi. Kwenye kioo cha simu, mama mkwe alitoka kwenye lifti na vifuko viwili na ndoo ndogo yenye mfuniko. Hakutoa miwani wala karatasi. Alibonyeza nne, mbili, moja, saba. Mlango ukafunguka. Hakushangaa, hakusimama, aliingia kama mtu anayeingia kwake, kama vile ile miezi haikuwepo. Hyerim alifuta macho kwa kiwiko, akarudi kwenye supu.

Aliporudi nyumbani sakafu ilikuwa imepigwa deki. Nguo zilikuwa zimekunjwa mraba. Sufuria ya mchuzi haikuwa mahali pake. Alivua viatu, akavipanga, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la mchele, akatia mkono hadi kiwiko, akakoroga huku na huku. Mlikuwa na mchele tu.

Alifungua friji la kimchi. Palikuwa na ndoo mpya ya figili, utepe wa karatasi juu yake, mwandiko umelala zaidi kuliko ule wa Novemba: Ya mwisho.

Alikunja mkono wa sweta, akatia vidole polepole katikati ya figili hadi chini kabisa, akagusa nailoni, na ndani ya nailoni, kati ya pete nyingine, akaitambua ile nyembamba. Akaiacha pale pale. Akafunga mfuniko, akaukandamiza ule utepe kwa kidole gumba mpaka ukashika vizuri, kisha akajinyoosha sakafuni penye moto, dakika ishirini, kabla ya kwenda kumchukua mtoto.